Shahidi Awe Mkubwa wa Mwombaji

Siku bima ya afya ya umma ilipoanza kulipia chanjo ya mkanda wa jeshi kwa waliotimiza miaka sitini na mitano, ndipo nilipojua kwamba watu wote wa mji huu walikuwa wakinidanganya. Nina miaka kumi na moja nimekaa dirisha namba tatu la kituo chetu cha afya, kazi yangu kuandikisha wagonjwa, na kwa miaka yote hiyo kila mwanamke niliyemuuliza umri alinijibu kwa kunong'ona, tena baada ya kutazama kushoto na kulia. Wanaume nao hawakuwa na nafuu. Mmoja mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu aliwahi kuniambia ana hamsini na mbili, na akanikazia macho nimbishie. Asubuhi ile mambo yakageuka juu chini. Uzee ulikuwa tiketi, na kila mtu alikuwa anaupunga hewani.

Kufikia saa mbili benchi zote tatu zilikuwa zimejaa na mashindano yameanza. Bibi mmoja alitangaza kwamba ana sabini na nne, na aliyekaa pembeni yake akamwambia hayo ni makamo ya wasichana, yeye ana sabini na tisa na meno manane. Fundi saa wa pale kona, ambaye kwa kadi yake alipungukiwa miezi miwili tu, alinisihi nianze kumhesabia tangu tumboni, maana mama yake alimbeba miezi kumi na moja. Nilicheka mpaka nikabonyeza kitufe kisicho chake, nikamwandikisha kliniki ya wajawazito. Ilibidi nimfute haraka kabla hajaitwa.

Muuguzi wa chanjo alitoka na kisanduku chake cha baridi, akasimama mbele ya benchi kueleza. Alisema aliyeugua tetekuwanga utotoni asidhani ameachana nayo. Kijidudu chake hakiondoki mwilini, hulala tu miaka na miaka, na mwili ukianza kuchoka huamka na kuja kwa sura nyingine: vipele na moto wa upande mmoja wa mwili, kama mkanda umefungwa. Bibi wa sabini na tisa akasema kitu kinacholala miaka hamsini kisha kinaamka na hasira anakijua vizuri, ameolewa nacho. Muuguzi alisubiri vicheko viishe, akamalizia habari mbaya. Dozi zilizofika zilikuwa za watu arobaini tu. Orodha ingefungwa saa sita mchana, na mgao mwingine ungekuja mwakani.

Mwenye namba kumi na saba alikuwa mama mdogo wangu.

Huyu ndiye mdogo wake mama, au ndivyo nilivyojua mimi. Ni fundi wa sare za shule. Akimtazama mtoto mara moja anajua kiuno chake na anajua pia ataongezeka kiasi gani kabla ya muhula wa tatu. Ana makovu madogo ya tetekuwanga mashavuni na kwenye paji la uso, anayaita vishimo vya urembo, na mtu akimcheka anamwambia hivyo vyake ni vya bure, wenzake wanavitafuta kwa vipodozi. Ni mtu wa furaha. Siku hiyo lakini alifika dirishani amebana midomo, na nikajua mara moja kwamba hakuja kunisalimia.

Sababu niliijua. Mwenzake wa cherehani ya pili alishikwa na mkanda wa jeshi mwaka jana, kuanzia mgongoni kuzunguka mpaka kifuani, na kwa miezi mitatu hakuweza kuvaa blauzi. Mama Mdogo alimshonea nguo iliyo wazi upande mmoja, akaitengeneza kwa kitambaa laini kuliko vyote dukani, na bado mwenzake alilia nguo ilipomgusa. Tangu hapo Mama Mdogo alikuwa akirudia neno moja kila tunapokutana. Maisha yake yote ni nguo, alisema, na siku nguo itakapomuuma hatajua yeye ni nani tena. Alikuwa anaogopa kweli, na mimi nilikuwa namwonea huruma bila kuwa na la kumsaidia, maana chanjo yenyewe kwa fedha za mfukoni haikuwa ya watu kama sisi.

Nikamwambia kwa upole kwamba hii ya bima ni ya sitini na tano kwenda juu, na kadi yake inasoma sitini na moja. Nikamgeuzia hata kioo cha kompyuta aone maandishi mekundu: HAJATIMIZA UMRI. Hakuyatazama. Aliingiza uso wake kwenye kile kitundu cha dirisha mpaka pua ikavuka upande wangu.

"Mwanangu, sikiliza na usicheke," alisema. "Mimi nina sitini na nane."

Nilicheka, bila shaka. Kisha nikaanza kuhesabu, na kicheko kikakwama. Mama yangu ana sitini na nne. Hilo halina mjadala, cheti chake cha kuzaliwa nimekitoa nakala kwa mikono yangu.

"Kwa hiyo wewe si mama mdogo," nikasema.

"Punguza sauti."

"Wewe ni mama mkubwa wangu."

"Nimesema upunguze sauti."

Alikuwa amechelewa. Benchi la kwanza lilikuwa limeshasikia, la pili lilikuwa linaulizia, na la tatu lilikuwa linasimuliwa kwa nyongeza.

Hadithi aliyonipa kupitia kitundu kile ilikuwa fupi. Miaka thelathini na tisa iliyopita alikuwa na miaka ishirini na tisa na alikuwa amempenda mtu wa ishirini na sita. Mama wa yule kijana alikuwa ameapa kwamba mwanawe hataoa mwanamke anayemzidi hata kwa wiki moja. Mama Mdogo akapunguza miaka saba, akawa wa ishirini na mbili. Tatizo likabaki mdogo wake, yaani mama yangu, ambaye alikuwa na ishirini na tano na anajulikana. Hapakuwa na njia nyingine ila mdogo apandishwe cheo. Walikubaliana jikoni, wawili peke yao, na wote walikuwa wanacheka; wazee wa nyumbani walipojua, wakafumba macho kulinda ndoa. Baada ya harusi dada wote wawili wakahamia mji huu ambako hakuna aliyewajua, na uwongo ukapata mahali pa kukaa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Mdogo ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na tisa, ikapita kwenye kitambulisho, kadi ya kura na kadi ya bima bila kujikwaa.

Nikamuuliza kama baba mdogo alijua. Akasema aliyedanganywa na aliyesababisha adanganywe wote wameshatangulia, Mungu awarehemu, na kwamba baba mdogo kila alipomtakia heri ya kuzaliwa alikuwa na tabia ya kumuuliza anatimiza mingapi, halafu anageukia ukutani mabega yakimtikisika. Kwa hiyo huenda alijua.

Sheria ya kwetu hairuhusu karani kushughulikia faili la ndugu yake. Nikamwita msimamizi, ambaye tunamwita Bwana Utaratibu, na yeye analijua jina hilo na analipenda. Ni mtu anayepanga hata vibanio vya karatasi kwa ukubwa. Alisikiliza yote bila kutikisika uso, kisha akasema maneno niliyoyategemea: kuna utaratibu. Taarifa za umri hurekebishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Mama Mdogo hakuwa nacho, waliozaliwa nyumbani enzi zile hawakuandikwa, na mama yangu alipata cha kwake baadaye tu kwa sababu ya ajira ya ualimu. Basi kuna njia ya pili, akasema Bwana Utaratibu, akatoa fomu ya kurasa mbili na kuweka kidole kwenye mstari mmoja: shahidi awe ndugu wa damu, na awe mkubwa wa mwombaji.

Mama Mdogo alibaki anautazama ule mstari. Wazee wake wote walikuwa wameshazikwa. Ukoo mzima aliyebaki juu yake, kwa makaratasi, alikuwa mtu mmoja tu.

"Mpigie mama yako," aliniambia. Aliisema sentensi hiyo kama mtu anayeomba ang'olewe jino.

Ili mjue kwa nini, lazima niwaeleze mama yangu anavyoutumia ukubwa wake. Amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitatu na bado anatembea na kalamu nyekundu kwenye pochi. Katika ukoo wetu hakuna kikao kinachofunguliwa kabla hajaketi, hakuna mchumba anayekubaliwa kabla hajamkagua kucha. Analalamika kila siku kwamba ukubwa jalala, kila mtu anakuja kumwagia taka zake kwake, na analalamika kwa raha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Kilele cha raha hiyo ni salamu. Kila wanapokutana, mbele za watu na hata wakiwa peke yao, Mama Mdogo humwambia shikamoo dada, na mama huvuta pumzi kwanza, hutazama mbali kidogo, ndipo hujibu marahaba. Nimeiona salamu hiyo maelfu ya mara. Sikuwahi kufikiri kwamba mkubwa alikuwa anamwamkia mdogo.

Kwa simu nilimwambia mama ukweli nusu, kwamba Mama Mdogo anahitaji ndugu mkubwa wa kumsainia karatasi hapa kituoni kabla ya saa sita. Sikusema karatasi gani. Alifika saa tano na robo, amevaa gauni lake la vikao, na watu wakampisha njia. Benchi zote zikanyamaza kwa sababu wote, isipokuwa yeye, walijua kinachomsubiri.

"Shikamoo dada," alisema Mama Mdogo.

Mama akavuta pumzi, akatazama feni ya darini. "Marahaba."

Bibi wa sabini na tisa akajiziba mdomo kwa mtandio.

Mama aliketi mbele ya meza ya Bwana Utaratibu, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu. Kabla ya kusoma chochote alisahihisha makosa mawili ya herufi kwenye kichwa cha fomu. Kisha akafika kwenye mstari uliojazwa kwa mwandiko wa dada yake, umri sahihi wa mwombaji, na kalamu ikasimama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliona shingo yake ikinyooka kidogo kidogo.

"Hapa pana kosa," alisema. "Mdogo wangu ana sitini na moja."

Mama Mdogo hakuamini masikio yake. Alimwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia atazame vizuri, ni yeye huyu, na wamebaki wawili tu duniani wanaoujua ukweli. Mama akajibu kwamba ukweli anaoujua yeye uko kwenye kadi ya serikali. Nilitaka kupasuka kwa aibu na kwa kicheko kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na kipi. Saa ya ukutani ilikuwa inasoma tano na dakika ishirini na tano, na orodha ya muuguzi ilikuwa imefika thelathini na moja.

Hapo watu wa benchi wakaona hawawezi tena kujizuia. Fundi saa, ambaye hakuwa na kazi pale tangu kadi yake imkatae lakini alikataa kuondoka, alisema mwalimu mzima anakataa kutoa ushahidi wa kweli, je, watoto watafanyaje. Bibi wa meno manane akamtetea mama, akasema ukubwa ukishauzoea si nguo ya kuvuliwa hadharani. Mwingine akapendekeza wagawane, mmoja awe mkubwa siku za kazi na mwingine mwisho wa wiki. Bwana Utaratibu aligonga meza kwa rula akisema utaratibu hauruhusu wasikilizaji kuchangia.

Mama alivua miwani. Sasa hakuwa anaigiza tena, na nilimjua, maana mimi ni mwanawe.

"Miaka thelathini na tisa," alimwambia Mama Mdogo. "Uliuweka huu mzigo kichwani kwangu ukaenda kuolewa. Baba alipofariki aliyesimama mbele ni mimi. Mama alipofariki ni mimi. Shangazi zako waligombana, nikakalishwa katikati mimi, nina miaka thelathini na sijui hata nianzie wapi, na wewe umekaa nyuma na wasichana unakula karanga. Nimejifunza ukubwa kwa shida. Leo imekuja chanjo ndiyo unaukumbuka?"

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufanywa mkubwa kabla hajawa tayari, na kwamba yale majivuno yote yalianza kwa woga. Nilimpenda mama yangu sana wakati ule, huku nikitamani kumfinya.

Mama Mdogo alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti yakakaribia kugusana, na alipoanza kusema alikuwa na ile sauti yake ya kupima kitambaa.

"Umesikia alichosema muuguzi kuhusu tetekuwanga?"

Mama hakuwa amesikia, alikuwa hajafika. Mama Mdogo akamweleza kuhusu kijidudu kinacholala. Kisha akamuuliza kama anakumbuka yeye aliipata wapi.

"Niliipata kwako," alisema. "Ulikuwa na miaka mitano. Ulikuwa unajikuna mpaka damu, na mama yuko shambani. Nikachukua soksi za baba nikakuvalisha mikononi, nikazifunga kwa uzi, nikakushika siku tatu usijikune. Ulinipiga mateke mpaka jino likanitoka. Ndiyo maana uso wako ni laini mpaka leo. Halafu nikaugua mimi."

Alijigusa shavu, pale kwenye vishimo vya urembo.

"Mimi sikuwa na dada mkubwa wa kunivalisha soksi."

Sijui nani alianza kulia. Nadhani ni Bwana Utaratibu, maana aliinama ghafla kutafuta kibanio cha karatasi chini ya meza na alikaa huko muda mrefu kuliko kibanio kinavyostahili. Mama alikuwa anamtazama dada yake usoni, kovu moja baada ya jingine, kana kwamba anasahihisha daftari alilolipa alama bila kulisoma. Kisha akavaa miwani, akavuta fomu, na badala ya kalamu nyekundu akachukua ile ya buluu iliyofungwa kwa kamba mezani.

Kwenye sehemu inayouliza shahidi ameujuaje umri wa mwombaji, wengi huandika neno moja, ndugu. Mama aliandika mistari kumi na minne na ikambidi ageuze karatasi. Aliandika kwamba alipokuwa na miaka mitano mwombaji alikuwa na tisa, alikuwa darasa la pili, na alikuwa na nguvu ya kumshika mtoto anayepiga mateke. Aliandika soksi zilikuwa za kijivu. Akasaini, akaweka tarehe, akasukuma fomu mbele.

Nikadhani tumemaliza. Nilisahau tuko ofisi gani.

Bwana Utaratibu alisoma kurasa zote mbili, akajikuna kidevu, akasema kuna tatizo. Shahidi lazima awe mkubwa wa mwombaji. Kwa ushahidi wa shahidi huyu, mwombaji ana sitini na nane na shahidi sitini na nne. Kwa hiyo shahidi ni mdogo. Kwa hiyo ushahidi wake haufai. Kwa hiyo mwombaji anabaki na sitini na moja. Lakini akibaki na sitini na moja, shahidi ni mkubwa, na ushahidi wake unafaa. Alisema yote haya taratibu, na macho yakaanza kumng'aa, maana nadhani tangu aajiriwe hajawahi kukutana na fomu inayojila yenyewe.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tatu. Muuguzi alichungulia mlangoni akasema zimebaki dozi mbili.

Niliona uso wa Mama Mdogo ukikauka. Alikuwa amevumilia kuumbuliwa mbele ya mji mzima, alikuwa ametoa hata zile soksi, na sasa anakwamishwa na mstari mmoja. Alianza kufunga pochi yake aondoke. Nikamwambia Bwana Utaratibu, kwa heshima yote niliyobakiwa nayo ambayo haikuwa nyingi, kwamba aufungue ule mwongozo wa bima wa kurasa mia mbili anaoutunza mezani, leo uwe na faida. Akaufungua. Aliupitia kwa kidole kilicholoweshwa mate, benchi zote tatu zimesimama nyuma yangu zinapumua shingoni. Alipofika kifungu anachokitaka alikisoma kimoyomoyo mara tatu, kisha akakisoma kwa sauti. Umri wa shahidi na wa mwombaji utazingatiwa kama ulivyo katika kumbukumbu za bima siku fomu inapopokelewa.

"Kumbukumbu za leo zinasema mwombaji sitini na moja, shahidi sitini na nne," alisema, akachukua mhuri. "Shahidi ni mkubwa. Kwa kuwa ni mkubwa, tunamwamini."

"Na ukishagonga?" mama aliuliza.

"Nikishagonga, mama, utakuwa mdogo."

Mhuri ulikuwa hewani. Mama aliinua mkono, akamwomba dakika moja. Alijiweka sawa kitini, akatengeneza kola ya gauni la vikao. Alimwambia fundi saa aache kuegemea ukuta uliopakwa rangi juzi. Aliniambia mimi nywele zangu si za mtu wa ofisini. Alimwambia Bwana Utaratibu kwamba kwenye kichwa cha fomu yao kuna makosa mawili na ni aibu kwa taifa. Kisha akamgeukia Mama Mdogo.

"Nisalimie mara ya mwisho."

"Shikamoo dada."

Mama alivuta pumzi, akatazama feni, akaikawiza kuliko siku zote. "Marahaba," alisema. "Haya, gonga."

Mhuri ulishuka kwa kishindo, na pale ukumbini watu wakapiga makofi kama goli limefungwa. Bwana Utaratibu akaja kwenye kompyuta yangu, akaingiza tarakimu kwa mkono wake mwenyewe. Ile sitini na moja ilipotea, ikaja sitini na nane, na maandishi mekundu yakafutika. Nilimwita muuguzi kwa kelele ambazo katika miaka kumi na moja sijawahi kuzipiga kazini. Namba thelathini na tisa ilikuwa ya mama mkubwa wangu. Ya arobaini aliipata babu mmoja kiziwi ambaye hakuwa amesikia chochote na alishangaa kwa nini kila mtu anampongeza.

Alipotoka chumba cha chanjo alikuwa ameshikilia pamba begani na anacheka peke yake. Mama alikuwa anamngoja mlangoni. Alikuwa amesimama, na huyu ni mtu ambaye husubiri akiwa amekaa. Akapiga goti kidogo, taratibu, kwa kuwa magoti yake hayajazoea.

"Shikamoo dada."

"Shikamoo," akajibu Mama Mkubwa, kwa mazoea ya miaka thelathini na tisa.

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakashindwa, wakaangukiana mabegani wakicheka, pamba ikadondoka, na muuguzi akaja kuwagombeza kwamba hapo pamechomwa sindano sasa hivi. Ilimchukua Mama Mkubwa mara tatu kulipata neno marahaba, na lilipotoka lilikuwa na aibu ya mtu anayejaribu viatu vya mwenzake. Mama alimwambia asiwe na wasiwasi, atazoea. Ukubwa jalala, alisema, na sasa jalala ni lako, kikao cha kwanza ni Jumamosi saa nne, na wajukuu wa shangazi zetu wameanza tena.

Niliwasindikiza mpaka getini. Mama Mkubwa alikuwa na kadi yake ya chanjo mkononi, muuguzi amemwandikia arudi baada ya miezi miwili kwa dozi ya pili. Alikuwa anaisoma ile sitini na nane kwa mbali na kwa karibu. Ghafla akasimama akahesabu vidole.

"Mwakani wewe unatimiza sitini na tano," alimwambia mama. "Nitakuleta."

Mama akasema yeye si mtoto, miguu anayo, na barabara ya kituoni anaijua tangu haijawekwa taa. Alitembea hatua chache mbele, mwalimu mtupu. Halafu akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba, na akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama ile sindano inauma.

"Kidogo," alisema Mama Mkubwa. "Nitakushika mikono."

Mama alichukua pochi ya dada yake akambebea, na wakavuka barabara.